Nyumba Iliyohamia Mtoni

Samaki ndiye aliyeanza kumvua Mwaisha, kabla Mwaisha hajamvua samaki yeyote. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, mwaka wa pili wa vita vya Wazungu, naye amechuchumaa juu ya jiwe ukingoni mwa mto Ruvu, akiosha mchicha wa porini alioukusanya njiani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya maji hadi karibu na kiwiko. Ghafla akahisi kidole kimebanwa kama kwa koleo. Alipouvuta mkono, samaki mwembamba mwenye rangi ya fedha alitoka naye, akaning'inia kidogo hewani, kisha akaachia na kudondoka. Damu ikatiririka. Meno yalikuwa yamekizunguka kidole cha mwisho, na mengine yamekwaruza udodi, yaani ule uzi wa shaba aliouzungusha mkononi tangu siku alipoolewa.

Mwaisha hakulia. Alifunga kidole kwa kipande cha kaniki, akaketi pale pale, akautazama mkono wake kwa muda mrefu. Samaki yule hakukitaka kidole. Alikitaka kile kilichong'aa na kutikisika karibu na kidole. Wazo hilo lilimjia polepole, kama mambo yote yalivyokuwa yakimjia siku hizo, kwa sababu tangu jana mchana hakuwa ameweka kitu kinywani isipokuwa maji.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye mabega mapana ya mtu aliyepandisha na kuteremsha mizigo milimani maisha yake yote. Aliishi katika kitongoji kimoja chini ya Kinole, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Nyumbani walikuwa wanne: yeye mwenyewe, mama yake Bi Asia ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kazi, na watoto wawili pacha wa kaka yake Salehe, wasichana wa miaka minne, ambao mama yao alifariki siku alipowazaa. Mumewe, Maneno, hakuwapo. Salehe naye hakuwapo. Wote wawili walichukuliwa siku moja, wakafungwa kamba kiunoni pamoja na wanaume wengine wa mlima ule, wakateremshwa bondeni kwenda kuwa wapagazi wa jeshi la Wadachi.

Aliyewaongoza askari hadi uani kwao alikuwa jumbe Rehani, mtu wa ukoo wao. Siku ile alisimama kando ya mlango akitazama miguu yake. Wiki mbili baadaye alirudi na askari wengine kuchukua mahindi, kisha wakarudi tena kuchukua kuku, kisha mbuzi, kisha ndizi, hata zile changa ambazo hazikuwa zimejaa. Mara ya mwisho walichukua mbegu zilizokuwa zimening'inizwa darini juu ya moshi. Bi Asia aliwauliza kutoka kwenye kitanda chake, "Hata hizo? Mwakani mtakuja kuchukua nini?" Askari wakazitia guniani, wakateremka.

Kwa hiyo asubuhi ile, alipokuwa akipanda mlima kurudi nyumbani na mchicha wake na kidole chake kilichofungwa, Mwaisha alikuwa akifikiri habari za samaki. Minyoo ya chambo haikuwapo. Ardhi ilikuwa imekauka mpaka jembe linalia. Chambo cha ugali nacho hakikufikirika. Nani angetupa tonge mtoni wakati watoto wanalamba mwiko? Lakini kitu cha kung'aa hakiliwi na mtu. Kitu cha kung'aa kingeweza kwenda mtoni bila kumnyima mtu chakula.

Kazi ya kwanza ilikuwa ndoana. Maneno alikuwa na shazia tatu, zile sindano kubwa za kushonea magunia, amezichomeka kwenye ukuta juu ya kitanda. Mwaisha alichukua moja, akaibana kati ya mawe mawili na kuikunja. Ikavunjika. Akachukua ya pili. Nayo ikavunjika.

"Unafanya nini huko nje?" Bi Asia aliuliza.

"Nakunja ndoana, mama."

"Kwa sindano? Bila moto?" Bi Asia alicheka kicheko kifupi kilichoishia kwenye kikohozi. Marehemu mumewe alikuwa mhunzi wa majembe, na Bi Asia alikuwa amemvukutia mivukuto, ile mifuko ya kupulizia moto, miaka ishirini. "Lete hapa. Itie kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, iache ipoe yenyewe, ndipo uikunje. Ukishaikunja, itie motoni tena, halafu uichovye majini. Baba yako angekuona angekuzaba kibao."

Shazia ya tatu ilikunjika. Haikuwa na kijino cha kumzuia samaki asichomoke, lakini ilikuwa na ncha kali. Kamba haikuwa shida: miaka ya nyuma Mwaisha aliwahi kufanya kazi ya kuanika katani kwenye shamba la Mdachi mmoja upande wa tambarare, na fundo moja la nyuzi lilikuwa bado limelala chini ya kitanda. Alizisokota pajani, uzi kwa uzi, mpaka ngozi ya paja ikawaka moto. Alipofika mwisho, akakumbuka yale meno. Katani isingedumu kati ya meno yale hata kwa pumzi moja. Basi akavua udodi mkononi, akaukunjua taratibu, na kipande cha urefu wa shubiri mbili akakifunga kati ya kamba na ndoana. Uliobaki akauviringa kama konokono juu ya ndoana ili ung'ae.

Alishuka mtoni kesho yake. Ulikuwa mwendo wa kutoka alfajiri mpaka jua kupanda, na kurudi ulikuwa mrefu zaidi kwa sababu ya mlima. Akarusha, akavuta, akarusha, akavuta. Maji yalikuwa maangavu, na aliwaona samaki wakija, wakiutazama ule uzi wa shaba, wakigeuka na kwenda zao. Alirusha mpaka bega likafa ganzi. Akarudi na mchicha.

"Huo uzi wako umekaa kama maiti," Bi Asia alisema aliposimuliwa. "Ulipokuwa unaosha majani, mkono wako ulikuwa unacheza. Tafuta kitu kinachocheza."

Mwaisha alitazama huku na huku chumbani. Ukutani vilining'inia vijiko viwili vya shaba. Maneno alivinunua mjini Morogoro, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeitwa Jitu, mwaka ule treni ilipofika kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameteremka kwenda kuishangaa treni kama watu wote, akarudi baada ya siku tatu akiwa na vijiko viwili na hadithi ya kumtosha mwaka mzima. Vijiko vile havikuwa vya kulia chakula. Vilitumika kumnywesha uji mgonjwa tu, kisha vikasuguliwa kwa majivu na kurudishwa ukutani.

Alichukua kimoja. Akakunja mpini huku na huku mpaka ukakatika, akatoboa matundu mawili kwa msumari na jiwe, moja kila upande, akafunga ndoana nyuma na uzi wa shaba mbele. Alipokivuta ndani ya beseni la maji, kijiko kiliyumba, kikapinduka, kikawaka na kuzimika, kikawaka tena. Pacha walipiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kusikia makofi katika nyumba ile.

Samaki wa kwanza alinasa kwenye mrusho wa pili. Mwaisha hakujua la kufanya. Kamba ilimkata kiganja, akarudi kinyumenyume kutoka ukingoni bila kuilegeza, kwa kuwa alijua kwamba akilegeza, ndoana ingechomoka. Akamburuza hadi majanini, akamwangukia kwa kifua. Alikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni, na meno yake yaliendelea kufumba na kufumbua hata baada ya kichwa kupigwa jiwe. Jioni ile walimchemsha bila chumvi. Alikuwa na miiba mingi kuliko nyama. Bi Asia aliwachambulia pacha kwa vidole vyake vikavu, mwiba mmoja mmoja, na Mwaisha akalala kabla hajamaliza sehemu yake, kichwa kimeegemea kinu.

Kijiko hicho kilidumu siku sita. Siku ya saba kilinasa kwenye mizizi ya mti uliozama, na alipovuta, katani ikakatika. Aliketi akipatazama mahali pale. Hakujua kuogelea, na mto ule haukuwa na viboko tu, ulikuwa na mamba pia. Kijiko kilikuwa kikionekana kabisa, kinang'aa kule chini, kama kinamwita. Akaondoka.

Kutoka hapo mambo yakawa hivyo. Kijiko cha pili kilikwenda na samaki mwenyewe, mkubwa kuliko wote aliowaona. Alipomaliza vijiko, akafanya ndoana kwa misumari ya kasha, nayo ilikuwa minene na mibaya, akaifunga kwenye chochote kilichong'aa. Kioo cha kunyolea cha Maneno alikivunja kwa makusudi, akakifunga kipande kwa nyuzi; kilimkata vidole yeye zaidi ya kuwavutia samaki. Ushanga mwekundu wa kiunoni haukufaa kitu ukiwa peke yake, lakini ukifungwa mbele ya kipande cha bati ulisaidia. Manyoya ya kuku wa mwisho, aliyoyaokota jikoni kwenye jivu, yalifaa kwa samaki wadogo tu. Kipande cha kanga nyekundu kilifaa siku za mawingu. Alijifunza haya yote kwa miguu, akishuka na kupanda, na kila alichojifunza kilimgharimu kitu ambacho kiliwahi kuwa na mahali pake ndani ya nyumba.

Kulikuwa na ugomvi juu ya kopo la ugoro. Lilikuwa kopo dogo la bati, jeupe na laini kama yai, na Bi Asia alilala nalo chini ya shingo.

"Ugoro wenyewe umekwisha tangu mfungo, mama."

"Naijua harufu yake. Harufu haijaisha."

"Nahitaji kifuniko tu."

"Mwaisha, mwanangu, umechukua vijiko. Umechukua kioo. Umechukua bawaba ya sanduku. Nyumba hii yote itahamia mtoni, nami utaniacha humu na kuta." Alisema hivyo bila hasira, uso ameugeuzia ukutani. Mwaisha hakuwa na nguvu ya kubishana. Alitoka kwenda kuchanja kuni. Aliporudi, kifuniko kilikuwa kimewekwa juu ya mkeka wake, na Bi Asia alikuwa amejifunika shuka gubigubi, akijifanya amelala.

Katikati ya kiangazi Salehe alirudi.

Alitokea mchana wa ukungu, akipita migombani badala ya njiani. Mwaisha alidhani ni askari, kwa maana alivaa koti la askari, la kaki, lenye vifungo vya shaba. Kisha akaona miguu. Ilikuwa imevimba na kupasuka, na ndani ya koti hapakuwa na mtu mzima, palikuwa na mifupa ya kaka yake.

"Usipige kelele," Salehe alisema. "Nimetoroka."

Walimficha kwenye kibanda cha zamani cha kufukuzia ngedere, juu kabisa, mahali migomba inapokutana na msitu. Homa ilimtikisa siku nne. Mwaisha alimpelekea mchuzi wa samaki kwenye kibuyu na kumnywesha mwenyewe. Siku ya tano alipoweza kukaa, alimuuliza lile swali aliloliweka kifuani tangu alipomwona peke yake.

"Na Maneno?"

Salehe alikoroga mchuzi kwa kidole. "Alikuwa mbele yangu," alisema. "Alikuwa anatembea."

"Ulipotoroka alikuwa anatembea?"

"Alikuwa mbele yangu, dada."

Mwaisha akainuka. Alichukua kibuyu chake akateremka.

Koti lilikuwa la askari aliyefia njiani huko kwenye vilima vya Mgeta, Salehe alieleza baadaye. Baridi ilikuwa kali, naye alilivua kabla ya watu kuamka. Mtu angekamatwa nalo angenyongwa. Mwaisha alitaka walichome papo hapo, lakini usiku kule juu ulikuwa wa kuganda, na Salehe hakuwa na nguo nyingine. Basi lilibaki. Ila vifungo alivitazama kila alipopanda. Vilikuwa vya mviringo, vimebinuka kidogo, na vilikuwa na kijishikizo nyuma kana kwamba vilitengenezwa tayari kufungiwa kamba. Kifuniko cha kopo kilikuwa kimeshakwenda. Nyumbani palikuwa hapana kitu kilichong'aa tena isipokuwa macho ya pacha, nayo yalikuwa yakizidi kuwa makubwa.

Alikata vifungo viwili kwa kisu. Akavifunga mgongo kwa mgongo, akaweka ushanga mbele na ndoana ya msumari nyuma. Asubuhi iliyofuata alivua samaki watatu kabla jua halijafika juu ya miti. Haikuwahi kutokea. Alikaa kitako akiwatazama samaki wamelala majanini, na badala ya furaha alihisi usingizi tu, usingizi mzito uliotoka miguuni.

Hivyo ndivyo walivyomkuta. Hakuwasikia mpaka walipokuwa wamesimama nyuma yake: askari wawili, mmoja kijana na mmoja mtu mzima mwenye mvi kidevuni, na jumbe Rehani pamoja nao. Njia ya kivuko ilipita pale karibu, na siku hizo jeshi lilikuwa likirudi nyuma, likishuka kusini kwa makundi madogo madogo, limechoka na lina njaa. Chambo chake kilikuwa ndani ya maji. Kamba ilikuwa mkononi.

"Shikamoo jumbe," alisema, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine.

"Marahaba."

Askari kijana alikwisha kuwaokota samaki. Aliwapitisha wote watatu kwenye ukamba wa mgomba na kuutundika kwenye bunduki yake. "Umewapata vipi?" aliuliza. "Sisi tulikaa hapa jana kutwa na minyoo, hatukupata hata mkia."

"Bahati, bwana."

"Bahati gani ya samaki watatu? Vuta hiyo kamba nione chambo chako."

Mwaisha alianza kuvuta. Alivuta taratibu sana, akizungusha kamba kwenye kijiti. Maji yalikuwa maangavu; alikwisha kuviona vile vifungo vikija, vikizunguka, vikiwaka kwenye jua, na akajua kwamba hakuna askari duniani asiyekifahamu kifungo cha koti lake. Aliwaza juu ya kibanda kule juu. Aliwaza kwamba ile ilikuwa ndoana ya mwisho na kamba ya mwisho, na kwamba paja lake halikuwa na ngozi ya kusokotea nyingine. Kisha akafungua mkono. Kijiti kikaruka, kikapiga maji, mkondo ukakichukua.

"Imeniponyoka," alisema.

Askari kijana alimpiga kofi, akaanguka kwa magoti. Akamwinulia mkono tena. "Unaficha nini? Una nini kule?"

Hapo jumbe Rehani akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kitu alichokisoma mara nyingi. "Huyu ni mwendawazimu kidogo, bwana. Anavua kwa vijiko. Kijiji kizima kinajua. Ametupa vijiko vyote vya nyumba yake mtoni, na kioo cha mumewe, na kopo la mama yake. Ukienda kwake hutakuta hata kitu cha kukorogea uji. Anaona aibu tu, asichekwe."

"Kwa vijiko?"

"Kwa vijiko."

Kijana akacheka. Yule mwenye mvi hakucheka. Mwaisha alimtazama Rehani akiwa bado magotini, na Rehani akautazama mto, upande ule ambako kijiti kilikuwa kinaelea kwa mbali. Alikuwa amesimama mahali pa juu kuliko wote. Kama kulikuwa na mtu aliyeona ni kitu gani kilichokuwa mwisho wa ile kamba, ni yeye.

Hawakumwachia. Mpagazi wao mmoja alikuwa ameanguka jana yake, na mzigo ulihitaji kichwa. Walimtwisha Mwaisha mfuko wa unga, wakavuka mto, wakaelekea kusini. Alitembea siku ile na siku iliyofuata, unga ukimvujia shingoni kupitia mshono, mweupe, na mara mbili aliramba kiganja alichojipangusia. Ulikuwa unga wa mahindi ya mlimani, aliujua kwa harufu. Hakuweza kujua kama ulikuwa wake. Jioni ya pili, kwenye kijito kimoja, goti lake lilikataa kunyooka. Askari mwenye mvi alikuja, akautua mfuko mwenyewe, akamkagua kama mtu anavyomkagua punda.

"Nenda zako, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe umekwisha. Na mimi nimekwisha, ila mimi siwezi kwenda."

Kurudi kulimchukua siku tatu. Alikula matunda ya porini, na mahali fulani mwanamke asiyemjua alimpa muhogo nusu. Alipofika uani kwao ilikuwa alasiri, na Salehe alikuwa ameketi mlangoni, mchana kweupe, amevaa kanga ya Bi Asia kiunoni. Pacha walikuwa wamelala miguuni pake. Jikoni kulikuwa na jivu lililonuka nguo iliyoungua.

"Kwa nini umeshuka?" Mwaisha aliuliza. "Watakuona."

"Rehani alikuja kutuambia umechukuliwa. Nikasema, basi nani atawachotea maji hawa? Nikashuka." Alisogea kumpa nafasi ya kukaa. "Na koti nimelichoma. Rehani ndiye aliyesimama hapa mpaka likaisha."

Walikaa hivyo, bega kwa bega. Kisha Salehe akasema yale aliyokuwa ameyaficha, kwa sababu sasa alikuwa amemwona dada yake akirudi na goti lile na unga mkavu shingoni, na aliona kwamba alikwisha kuifahamu njia ile mwenyewe.

"Dada, Maneno hakuwa anatembea."

"Najua."

"Ni kuhara. Siku tatu tu. Tulimfunika kwa mawe, mimi na mtu mmoja wa Gairo. Nilitaka kukwambia."

"Najua, Salehe. Ulikuwa unakoroga mchuzi." Alinyoosha goti lake kwa mikono miwili. Alitarajia kwamba machozi yangekuja, akayangoja, akaona kwamba hayaji leo. Yangekuja siku nyingine, akipata nafasi. "Mama anajua?"

"Nilimwambia jana. Alisema nisikuambie mpaka upumzike."

Kutoka ndani, Bi Asia aliita, "Amepumzika?"

"Bado, mama," Mwaisha alijibu.

Baadaye mwezi ule habari zilipanda mlimani kwamba Waingereza wameingia Morogoro, na kwamba bendera ya Mdachi imeshushwa bomani. Watu wa kitongoji waliipokea habari hiyo bila kuacha walichokuwa wakifanya. Wachache walishuka kwenda kutazama. Wengine waliuliza kama hao wapya wana mahindi. Jumbe Rehani alijifungia ndani wiki nzima, akihofia watu wake kuliko alivyowahofia Wazungu, mpaka Mwaisha alipokwenda kumgongea mlango kumwomba katani. Rehani alimpa fundo zima, na juu yake nyundo ndogo na visahani viwili vya bati ambavyo hakuviomba. Hakuna aliyetaja kifungo. Watu walipouona mkono wa Rehani umempa Mwaisha kitu, na Mwaisha ameupokea, hasira zao zikapoa kidogo. Haikuwa suluhu, bali ilitosha kumwezesha kutoka nje na kuchota maji.

Salehe alipona polepole. Alianza kulima, siku moja tuta la muhogo mchanga ambao askari hawakuung'oa, siku nyingine nusu tuta. Mwanamke mmoja wa Kinole, aliyekuwa na shamba la mdalasini lililoachwa na majeshi kwa kuwa hakuna aliyeweza kuula mdalasini, alimpa mbegu za maharage kwa malipo ya kumjengea upya ua. Mwaisha aliendelea kwenda mtoni, akichechemea sasa, na safari zilimchukua kutwa nzima. Wanawake wengine walianza kumfuata. Walikuja na vitu vyao mkononi, vifuniko, hereni, vipande vya sahani, wakamwuliza kama kitu hiki kitafaa, naye alikiweka majini, akakivuta mara moja na kusema kitafaa au hakitafaa. Hakuwa mwalimu mwenye maneno mengi. Mmoja alimletea bangili ya fedha ya mama yake marehemu, na Mwaisha akaikataa kwa kichwa tu, akamwambia akaivae.

Mvua za kwanza zilipokaribia, mto ulianza kubadilika rangi. Kule juu ya milima ilikuwa imekwisha kunyesha, na maji yalikuja yenye tope la udongo mwekundu, kila siku mazito kuliko jana. Mwaisha alijua maana yake. Samaki wasingeweza kuona kitu kinachong'aa katika maji kama yale. Hata hivyo alikwenda siku moja zaidi, peke yake, kwa kuwa miguu ilikuwa imezoea.

Alirusha kipande cha sahani mara tatu au nne. Hakuna kilichogusa. Akajifunga kamba kwenye kifundo cha mguu, akajinyoosha majanini ili apumzishe goti, akafumba macho kwa muda mfupi tu. Alipoyafumbua, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa mto, na manyunyu yalikuwa yakimwangukia usoni. Hakuna aliyemwamsha. Hakuna aliyemwita. Hakukumbuka mara ya mwisho alipolala mchana, au mahali popote, bila sikio moja kuwa mlangoni. Alilala pale kidogo zaidi akiwa macho, mvua ikimlowesha, mwili wote umelegea kama nguo iliyoanuliwa.

Kisha akavuta kamba, akaikunja, akajitwisha majani ya kuezekea aliyoyafunga asubuhi, na kuanza kupanda. Alipanda polepole, akipumzika kila penye jiwe. Hakuwa na samaki, na safari hiyo alijua kwamba nyumbani hakuna atakayeuliza samaki yuko wapi, kwa sababu Salehe alikuwa ameng'oa mihogo miwili asubuhi ile, midogo, lakini mihogo.